Mlezi wa Kwaya na Glasi za Mvinyo Mweupe

Katika picha ile watu wote wamefumbua vinywa isipokuwa yeye. Ni picha inayopigwa na mashine, pale behewa la reli ya kutisha ya bustani ya michezo linapofika kileleni na kuanza kuporomoka. Papa Deo, Mkongomani aliyekuwa mpiga kinanda wetu, amefumba macho na kukunja shingo. Mimi nimeachama mpaka kidaka tonge kinaonekana. Yeye yuko katikati yetu, mikono mapajani, anatazama mbele kama mtu anayesoma tangazo kwamba treni imechelewa.

Behewa liliposimama nilimwuliza, "Mlezi, umeonaje?"

"Limekwenda haraka," akasema, akashuka.

Picha hiyo niliinunua na ninayo mpaka leo. Imetundikwa mapokezi kwenye hoteli yangu hapa Morogoro, chini ya diploma yangu. Wageni huuliza kwanza habari za diploma, nami huwaeleza kwa furaha: Usimamizi wa Hoteli na Vinywaji, chuo cha ufundi cha Campbelltown, Sydney. Niliisoma huku nikisugua masufuria kwenye duka la kuku wa kuchoma pale Guildford, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. Nilikwenda na begi moja, nimerudi na taaluma, na hoteli hii kila tofali lake nalijua. Wakiuliza habari za picha huwa nasema tu, "Yule alikuwa mlezi wetu wa kwaya." Leo nitasema zaidi. Jina lake nitaliacha, maana hata sisi hatukulitumia.

Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa alasiri, Guildford, kwenye jengo la Waaustralia ambao wao walisali asubuhi. Tulikuwa Wakenya, wengi wao wauguzi, Wakongomani waliopitia kambini, Warundi kidogo, na sisi Watanzania. Mlezi hakujua kusoma nota. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kwaya ipo. Ukichelewa mazoezi, hakukugombeza. Alikusimamisha uimbe sauti yako peke yako, mwanzo hadi mwisho, huku wengine wakinywa chai. Ukisema umechoka, alikuuliza umekula saa ngapi. Ukimshukuru kwa jambo lolote, aligeuka na kutafuta kiti cha kusogeza.

Alikuwa muuguzi wa hospitali na alikaa Campbelltown, mwisho wa safari ndefu ya treni. Treni za kule zina ghorofa mbili, lakini yeye hakupanda ya juu wala kushuka ya chini. Alikaa kwenye viti vya karibu na mlango, akiwa ameshika tiketi mkononi hata baada ya tiketi kuacha kuhitajika. Ujumbe wa simu aliuandika wote kwa herufi kubwa, kwa hiyo hata salamu zake zilisomeka kama amri: HUJAMBO. NJOO NA KITI. Wodini aliwasemesha wazee wa Kigiriki na Kitaliano kwa Kiswahili, "Pole baba, geuka kidogo," na wakageuka. Nilimwuliza wanaelewaje. Akasema, "Kwani wakiambiwa kwa Kiingereza huwa wanaelewa?"

Mimi aliniita Bwana Diploma hata kabla sijaipata. Alianza kwa kejeli, akaendelea kwa mazoea, na siku niliyoipata kweli ikawa jina.

Sasa niseme habari ya ganzi.

Mume wake alifia nyumbani, Tanzania, wakati karatasi za ukaazi za Mlezi zilikuwa kwenye hatua ambayo kutoka nchini kungezifuta. Alimzika kwenye simu. Alikaa kwenye gari la Papa Deo, kwenye maegesho ya hospitali, simu ikiwa imeegeshwa juu ya usukani, na mimi nikiwa kiti cha nyuma. Picha ilikuwa inakatika. Tuliona jeneza, tukaona mgongo wa mtu, tukaona jeneza tena limeshaingia. Ilipokwisha alifuta kioo cha simu kwa leso, akasema, "Haya," akarudi wodini kumaliza zamu yake.

Tulingoja alie. Kina mama walikuja kwake kwa zamu, wakakaa, wakalia wao. Yeye aliwapikia. Hapo ndipo tulipogundua, kwa sababu aliniita jikoni akanipa mwiko. "Onja, uniambie kama nimetia chumvi." Nikadhani ni heshima kwa mtu wa hoteli. Kumbe hakuwa anasikia ladha. Daktari alimpima ulimi na pua, akakuta vyote vizima. "Vinafanya kazi," alituambia, "ila havinipelekei habari." Akaendelea kuishi hivyo. Alikula saa ilipofika, alicheka watu walipocheka, na sauti ya pili aliiimba bila kukosea. Alikuwa kama nyumba ambayo taa zote zinawaka na hakuna mtu ndani.

Ndiyo maana alipanda yale mabembea ya kutisha. Kila Januari, shule zinapofungwa na jua la magharibi mwa Sydney linapochoma lami, familia za ibada yetu zilichukua vyumba kwa siku kadhaa kwenye hoteli iliyo karibu na bustani ya michezo ya maji. Watoto waliteleza kwenye mabomba siku nzima. Siku moja tuliwapeleka mjini, kwenye bustani nyingine kando ya bandari, yenye gurudumu kubwa. Mama mwenye umri wake angekaa kivulini na kulinda mataulo. Yeye alipanda kila kitu. Alisimama foleni na watoto, akafungwa mkanda, akarushwa, akashuka. Halafu akaenda foleni ya kingine. Nilifikiri ana ujasiri. Papa Deo ndiye aliyeona. "Huyu mama anatafutaka kitu," aliniambia. "Haogopi, kwa sababu hakuna kitu inamufikia."

Kilichomfikia kilikuja kwenye meza ya chakula.

Ile Januari ya kwanza baada ya msiba, mgahawa wa hoteli ulikuwa na chakula cha mchana cha watu wazima kilichokuja pamoja na kinywaji, na kinywaji chenyewe kilikuwa glasi ya mvinyo mweupe. Hatukujua. Mhudumu alizipanga mbele yetu, mimi, Papa Deo na Mlezi. Kwenye ibada yetu pombe ilikuwa marufuku kabisa, na hata kwenye meza ya Bwana tulitumia juisi ya zabibu. Nikamwomba mhudumu atubadilishie soda. Akasema haibadilishwi, imo kwenye bei, lakini anaweza kuzimwaga.

Neno hilo la kumwaga lilimgusa Mlezi kuliko yote. "Amwage? Kitu kilichokwisha kulipiwa?"

"Mama, acha amwage," nikasema.

"Wewe umelelewa wapi?"

Papa Deo akasema, "Mama Mlezi, hii ni vin blanc. Haina makosa sana. Ile rouge, ile nyekundu, ndiyo inaletaka shida."

Wote tuliokulia kwetu tunaijua vita hiyo. Tumefundishwa kwamba pombe ni dhambi, na tumefundishwa kwa fimbo kwamba kumwaga kitu kilichogharamiwa ni dhambi pia, ila hatukuwahi kuambiwa ipi kubwa. Mlezi aliinua glasi kama anavyoinua kipimo cha dawa, akanywa kidogo, akaweka chini. Tukaendelea kula. Baada ya muda akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Hii ni chachu."

Niliacha uma. Papa Deo naye aliacha. Hatukuwa tumemsikia akitaja ladha ya kitu tangu siku ile ya maegesho. Akanywa tena. "Chachu," akasema, "kama embe bichi." Akamaliza glasi, akaomba maji, akaenda kuwatazama watoto.

Hapa naomba niandike kama mtaalamu, maana ndipo elimu yangu ilipoanza kuwa na kazi. Mwaka huo nilikuwa kwenye somo la vinywaji, na mwalimu wetu alikuwa ameniambia mbele ya darasa kwamba nina pua ya mvinyo. Nilijua kwamba mvinyo uliompa Mlezi ladha ulikuwa mvinyo wa hovyo, wa kumiminwa kwa jagi. Nikajiuliza ule mzuri utafanya nini. Januari iliyofuata nikamwambia, "Mlezi, nipe ruhusa nikutafutie." Akafikiri, akaweka masharti: nyumbani kwake chupa haiingii, mwaka mzima hagusi, na kwenye likizo ni mchana tu, baada ya chakula, watoto wakiwa majini.

Watu hudhani kwenye bustani za michezo hakuna mvinyo wa maana. Ndani ya geti ni kweli. Vinauzwa vichupa vidogo na vikombe vya plastiki, mvinyo umepozwa mpaka umekufa ladha. Lakini hata huo una dawa. Shika kikombe kwa viganja viwili muda wa wimbo mmoja, ubaridi upungue, ndipo unywe. Usiunywe na aiskrimu. Unywe na chipsi zenye chumvi na siki, au na samaki wa kukaanga, ukiwa kivulini. Nje ya geti, kwenye mgahawa wa hoteli, mambo yalikuwa bora, na wahudumu walinijua kwa sababu niliuliza maswali ambayo wageni wengine hawakuuliza.

Tulianza na Moscato kwa kuwa ni mtamu na hauna nguvu. Mlezi alisema, "Hii ni soda ya watu wa harusi." Tukaenda Sauvignon Blanc, ule unaonukia pasheni na majani yaliyokatwa. Akasema unapiga kelele. Chardonnay iliyokaa kwenye pipa la mti ilimchanganya. "Wametia siagi?" Nikamweleza habari za pipa na moshi wake, kwa kirefu, kama nilivyofundishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante. Bado ni siagi."

Halafu nikampa Riesling ya zamani. Mvinyo huo ukikaa miaka kwenye chupa hupata harufu ambayo vitabu vya Wazungu huilinganisha na petroli. Mlezi alinusa, akarudi nyuma, akanusa tena.

"Hii ni taa ya chemli," akasema.

"Ndiyo, wataalamu wanasema kwamba—"

"Nyamaza kidogo, Bwana Diploma."

Alikaa na glasi ile puani muda mrefu. Sikujua anaona chumba gani, na hakuniambia. Siku iliyofuata nikampa Semillon iliyokaa chupani, ya bonde la Hunter, zabibu zinazolimwa saa chache kaskazini mwa Sydney, mvinyo ambao watu wengi wanaupita kwa sababu ukiwa mchanga ni mkali na hauna maneno. Huo hakuusemea chochote. Aliumaliza polepole, akaagiza samaki. Nilikuwa na maelezo tayari, nikayameza.

Sasa lazima nieleze upande wake mwingine, maana msomaji asifikiri kwamba alikuwa mama wa mzaha na sheria za kanisa.

Kwetu kuna desturi ya kurudi kundini. Mtu akifanya jambo la wazi lisilofaa hutengwa, halafu husimama mbele ya usharika, huulizwa kama anajuta, hukiri, hupokelewa kwa wimbo. Kwa Waaustralia hakuna kitu kama hicho, na Wakenya wetu wengi walikuwa wameizoea kwa namna nyingine. Aliyeileta Guildford ni Mlezi. Aliipigania kwenye baraza mpaka wakakubali. Hata benchi la waliotengwa alilichagua yeye, lile la mwisho, karibu na mlango, ambalo upepo wa baridi hulipiga Julai.

Kijana mmoja wa sauti ya nne aliwahi kusimamishwa kwa sababu ya kuishi na msichana bila ndoa. Alilia mbele ya watu mpaka tukainamisha vichwa. Jioni hiyo hiyo Mlezi alimpikia pilau, yeye na msichana wake, na mtu alipojaribu kumsema kijana yule wiki iliyofuata, Mlezi alimkata: "Alishasimama. Yamekwisha." Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Mtu akishasimama mbele, hakuna ruhusa ya kumsema nyuma. Aliona kwamba ugenini, ambako watu wanajuana kwa simu na umbea, kusimama ndiyo njia pekee ya jambo kuwa na mwisho.

Kwa hiyo Mlezi mwenyewe alipokutwa na mvinyo, alijua kinachofuata kuliko aliyemkuta.

Aliyemkuta ni Mzee Karanja, mzee wa kanisa, Mkenya wa Ingleburn, mtu wa ofisi, ambaye sijawahi kumwona ibadani bila tai. Ilikuwa Januari ya tatu. Nilikuwa nimemwagizia Mlezi sinia la kuonjea, glasi sita ndogo zimepangwa kwenye ubao. Mzee alikuja mgahawani kutafuta barafu ya watoto. Alikuwa na kaptula ya kuogelea na taulo shingoni, anadondosha maji.

"Mlezi."

"Mzee."

"Hizo ni nini naona hapo?"

"Ni glasi."

"Naona ni glasi. Ndani?"

Nikadakia. "Ni zangu, Mzee. Ni kazi ya chuo. Mlezi ananisaidia tu kushika."

"Kushika? Na anashika na mdomo?"

"Usimdanganye mzee wa kanisa akiwa na kaptula," Mlezi akaniambia. "Ni zangu. Mbili nimemaliza, ya tatu sikuipenda."

"Wee! Mlezi! Si ungeitisha hata soda ya tangawizi?"

"Soda ya tangawizi nimekunywa tangu nizike, Mzee. Naijua kwa rangi."

Mzee Karanja alivuta kiti akakaa, maji yakatengeneza dimbwi chini yake. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama glasi, akamtazama Mlezi, akakanda uso. "Unajua itabidi nipeleke kwa baraza. Watu wameona. Watoto wangu wako hapo nje."

"Usipopeleka wewe nitapeleka mwenyewe."

"Utasimama tu, dakika mbili, utasema unajuta, tutaimba, tutakula chakula. Si unajua hii maneno? Ni wewe ulituletea."

"Najua," akasema. Akamsogezea sahani ya chipsi, na Mzee akachukua moja bila kuiangalia.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Waliokuwa hawaji kwa miezi walikuja. Mlezi alivaa sare ya kwaya, ameipiga pasi, akasimama mbele ya meza, mikono mbele kama kwenye mazoezi. Mimi nilikuwa kwenye sauti ya nne. Alichokuwa nacho ni kwaya. Hakuwa na kingine katika mji ule zaidi ya zamu na kwaya, na sote tulilijua hilo. Neno moja lingemrudishia kwaya yake.

Mzee Karanja alisoma maneno ya kawaida. Kisha akauliza, "Je, Mama, unajuta?"

Feni ya ukutani ikazunguka, ikaenda, ikarudi.

"Nimejaribu, Mzee."

"Kujaribu nini?"

"Kujuta. Wiki nzima najaribu. Haiji."

Vijana wakacheka, wakazimwa kwa macho. "Mama," Mzee akasema taratibu, "jibu ni ndiyo ama hapana."

"Mkitaka niseme sitarudia, nitasema na nitatimiza. Mkitaka niseme nimewakwaza watoto, nimewakwaza, nisameheni. Lakini ukiniuliza kama najuta, nikikubali nitakuwa naongopa, na nimesimama mbele ya meza ya Bwana."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hiyo hapana."

Hakungoja aambiwe. Alipita katikati ya viti, mgongo umenyooka, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Papa Deo alikuwa ameshaweka vidole tayari kwa wimbo wa kupokelewa. Alimtazama mwalimu wa kwaya, akanitazama mimi. "Na sasa?" akanong'ona. "Tunapiga ama hatupigi?" Hatukupiga.

Nilitegemea kwamba nitakasirika, au nitaona aibu, maana sinia niliagiza mimi. Sikuona kitu. Nilikunja sare, nikapanda treni, nikaenda kwenye zamu yangu ya jioni kuosha masufuria.

Alikuja kila Jumapili. Toka Campbelltown hadi Guildford, kwa treni, kukaa kwenye benchi lile. Hakuimba na kwaya, hakushiriki meza, hakuongoza sala. Watu walianza kuchelewa mazoezi, sare zikawa za rangi mbili, na yeye aliona yote akiwa nyuma na hakusema neno, kwa sababu aliyetengwa haamuru. Kina mama walimfuata kumsihi. "Si useme tu, Mama? Mungu anajua moyo." Aliwajibu, "Ndiyo maana." Kwenye mahafali yangu alikuja, na hata kule alitafuta kiti cha mwisho.

Nilirudi nyumbani. Nilianza na vyumba vichache vya kupangisha, nikaongeza mgahawa, nikaongeza ghorofa. Wapo waliosema nimepata mtaji wa ajabu. Mtaji wangu ni mikono hii na ile pua. Leo mtu akija hotelini kwangu akaagiza mvinyo mweupe wa Dodoma, utafika mezani kwenye ubaridi unaotakiwa, na hakuna hoteli jirani inayoweza kusema hivyo.

Mwaka jana nilialikwa Sydney kwenye maonyesho ya watu wa hoteli. Nilijilipia tiketi, nikashona suti. Jumapili nikaenda Guildford.

Benchi la mwisho halikuwa tupu. Alikuwa pale, amepungua mwili, nywele nyeupe, na pembeni yake walikaa vijana ambao sikuwajua, waliofika baada yetu. Hawakujua kwamba benchi lile lilikuwa la adhabu. Walidhani ni mahali pa mama mwenye heshima. Alinisogezea nafasi. "Bwana Diploma," akasema. "Umenenepa. Kaa."

Kabla ya meza ya Bwana, Mzee Karanja alitoka mbele. Sasa anatembea kwa fimbo. Alipita katikati ya viti mpaka kwetu, akainama sikioni kwa Mlezi. Niliwasikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Unajuta?"

"Bado, Mzee."

"Haya."

Akageuka, akarudi mbele, na ibada ikaendelea. Kijana mmoja aliniambia baadaye kwamba hufanya hivyo kila Jumapili ya meza, na kwamba wageni hudhani ni sehemu ya utaratibu wa ibada.

Siku hiyo treni hazikuwepo, reli ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo Mzee akasema atatupeleka Campbelltown, kwa Mlezi. Mlezi alikaa mbele, mimi nyuma. Kwenye barabara kuu tulipita njia ya kutokea kwenda Ingleburn, nyumbani kwa Mzee, hakupunguza mwendo. Redio ilikuwa imezimwa.

"Januari mlienda huko kwa maji," Mzee akasema bila kugeuka. "Ulikunywa?"

"Glasi moja. Mchana."

"Hiyo gani?"

"Semillon. Iliyokaa."

Akaendesha. Kisha akasema, "Hebu niambie iko aje."

"Nikwambie ya nini?"

"Mimi sijawahi onja na sitawahi. Lakini kila mwezi nakuuliza kama unajuta kitu ambayo hata siijui."

Mlezi alifungua mkoba, akaufunga. Nilikuwa na majibu yote ya swali lile, ya kitabuni na ya kazini, na sikusema kitu.

"Mwanzo ni kali," akasema. "Inakukunja hapa, chini ya masikio. Unataka kuiacha. Halafu ukali unalegea, taratibu, panabaki kama mkate uliochomwa upande mmoja, na asali, si ya kulamba, ya kunusa tu. Ukimeza, mdomo unajaa maji, unaona njaa. Mimi sikuwa naona njaa, Mzee. Nilikuwa nakula kwa saa ya ukutani. Siku ile niliona njaa nikaagiza samaki. Nikamla mpaka vile vimifupa vidogo. Nilipomaliza nikamkumbuka marehemu alivyokuwa akila samaki, anavyotoa miba mdomoni na kuipanga ukingoni mwa sahani, yote inatazama upande mmoja. Na ikaniuma. Iliniuma pale mezani, watoto wanapiga kelele huko majini, ikaniuma mpaka nikashika meza. Nikashukuru. Nilisema moyoni, asante, kumbe bado nipo." Akamgeukia. "Sasa hapo nijutie wapi? Nionyeshe mahali, nitajuta."

Mikono ya Mzee Karanja ilikuwa imeshika usukani juu, yote miwili, kama mtu anayejifunza kuendesha. Kibao cha Campbelltown kilitujia upande wa kushoto, kikubwa, cha kijani, kikapita, kisha njia yenyewe ya kutokea kwenda kwa Mlezi ikapita. Yeye Mlezi aliiona, na mimi niliiona. Hakuna aliyemwambia.